Fedha za mafuriko Singida zitangulie mvua

MKOA wa Singida umezoeleka kutajwa pale linapozungumzwa suala la ukame. Ni mkoa wa alizeti, mtama, uwele na vitunguu, unaopata mvua ya kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, na historia yake ya njaa inafahamika. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuusahau yanapojadiliwa mafuriko, ambayo wengi huyahusisha na Jangwani jijini Dar es Salaam, Kilosa au Rufiji.

Hata hivyo, mvua hiyo hiyo inayolalamikiwa kuwa haitoshi ndiyo inayobomoa. Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kumalizika Aprili. Ardhi iliyokauka kwa miezi sita, ikakanyagwa na mifugo na kukatwa miti, hainywi maji kwa haraka. Mvua kubwa ya saa chache hutosha kulijaza korongo lililokuwa kavu asubuhi, na maji yake huondoka na kalavati, shamba au daraja la kijiji. Nyumba za tembe, zenye kuta na paa la udongo, hustahimili jua kwa miaka mingi lakini hulemewa na mvua ya siku kadhaa mfululizo.

Jiografia nayo ina mchango wake. Sehemu kubwa ya mkoa huo imo katika Bonde la Kati, ambalo maji yake hayafiki baharini. Maji ya mbuga ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri wilayani Iramba, yakatoka kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na huko ndiko mwisho wake. Katika Manispaa ya Singida, maziwa Singidani na Kindai hayana mto wa kuyatolea maji. Zikifuatana mvua nyingi kwa misimu kadhaa, maji hayo hupanda kuelekea makazi, na hupungua kwa kukaushwa na jua pekee.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mafuriko ya namna hiyo hayaji kwa kubahatisha. Mabonde yanajulikana, makorongo yanajulikana, na wazee wa kila kijiji wanajua maji yaliishia wapi wakati wa mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Janga linalojirudia mahali pale pale linaweza kuwekewa bajeti. Swali ni iwapo fedha za Serikali hufika kabla ya maji au baada yake.

Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh katika Mkoa jirani wa Manyara na kuua zaidi ya watu 80. Serikali ilipeleka waokoaji, chakula na dawa, na baadaye zilijengwa nyumba 109 kwa ajili ya waathirika. Miezi michache baadaye, Aprili 25, 2024, aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya kaya 51,000. Serikali haikukosekana katika matukio hayo, ila fedha nyingi zilitumika baada ya watu kuzikwa.

Sheria za nchi zenyewe zinaonyesha safari ya kujitoa katika mazoea hayo. Sheria ya mwaka 1990 ilihusu uratibu wa misaada ya maafa, yaani kugawa kilichopatikana baada ya janga. Sheria ya mwaka 2015 ilianza kuzungumzia usimamizi wa maafa, na ile ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake inaweka kamati za maafa kuanzia Taifa hadi kijiji na mtaa, pamoja na mfuko wa maafa. Kwa maandishi, mtendaji wa kijiji kilicho kando ya Wembere ana chombo cha kujiandaa. Lakini kamati isiyo na fedha ya kununulia saruji, mabomba ya kalavati au hata kipaza sauti cha kuwatahadharisha watu hubaki kuwa orodha ya majina.

Tatizo la pili ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, nao msimu wa mvua Singida huanza Novemba. Katikati kuna miezi minne tu, ambayo ndani yake fedha zinapaswa kutolewa, zabuni kutangazwa, mkandarasi kupatikana na mtaro kuchimbwa. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kwa kawaida hutolewa Oktoba, wakati ambapo halmashauri isiyokuwa na fedha mkononi haiwezi tena kujenga chochote kabla ya mvua. Fedha zikichelewa hadi Januari, mkandarasi hukuta barabara imeshakatika, na kazi iliyopangwa kuwa kinga hugeuka matengenezo.

Uganda ilitoa mfano wa njia nyingine. Novemba 2015, Chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi hiyo kiligawa vifaa katika eneo la kaskazini mashariki kwa kufuata utabiri, kabla mafuriko hayajatokea, kwa fedha zilizokuwa zimetengwa na masharti ya kuzitoa yakiwa yamekubaliwa mapema. Mwaka 2019, Tume ya Dunia ya Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi ilieleza kuwa tahadhari ya saa 24 pekee inaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30.

Wapo watakaosema Serikali haina fedha za kuweka kando kwa ajili ya janga ambalo huenda lisitokee. Hoja hiyo ina uzito, kwani fedha zilizotengwa zinaweza pia kupotea. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisitishwa mwaka 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha dosari. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura usiozidi asilimia mbili ya mapato, lakini mafuriko ya mwaka 2024 bado yaliua zaidi ya watu 200 nchini humo. Mfuko peke yake hauzuii maji.

Lakini Singida ina sababu ya pekee ya kutoogopa gharama hiyo. Kazi nyingi za kuzuia mafuriko katika nchi kavu ndizo hizo hizo za kupambana na ukame. Lambo linalopunguza kasi ya maji mwezi Januari hunywesha mifugo mwezi Agosti. Makinga maji na miti inayopandwa kwenye miteremko huokoa nyumba za bondeni na kubakiza unyevu shambani. Kalavati imara hupitisha maji wakati wa masika na kupitisha magunia ya alizeti wakati wa mavuno. Hata usipokuja mwaka wa mafuriko, shilingi hiyo haijapotea.

Aidha, njia za kupitishia fedha hizo zipo tayari. Mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na Tarura. Mpango wa Tasaf wa kunusuru kaya maskini umekuwa ukizilipa ujira kaya kwa kazi za muda kama kuchimba malambo. Kinachohitajika ni kuzipanga kazi hizo kwa kufuata ramani ya makorongo na kuzikamilisha kabla ya Oktoba kwisha.

Upande wa mijini, kinga ya bei nafuu ni upimaji wa viwanja. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa au mto. Idadi ya watu mkoani Singida iliongezeka kutoka milioni 1.37 mwaka 2012 hadi zaidi ya milioni mbili mwaka 2022, na kila anayekosa kiwanja kilichopimwa huelekea pale penye nafasi, hata kama ni njia ya maji. Kumzuia leo kunahitaji ofisa ardhi na vigingi, wakati kumhamisha baadaye kunahitaji fidia na nyumba mpya.

Uratibu wa maafa nchini umewekwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Novemba 2025 nafasi hiyo ilikabidhiwa kwa Dk Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, jimbo lililo katika mkoa huo huo wa Singida, ambaye tangu mwaka 2021 alikuwa Waziri wa Fedha. Ni vigumu kumpata kiongozi anayeyajua kwa pamoja makorongo ya Iramba na mafungu ya Hazina.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Singida, ufa huo una tarehe yake: huanza kuvuja kila Novemba. Fedha zitakazotoka kabla ya hapo zitajenga mitaro, na zitakazotoka baada ya hapo zitanunua mahema.