"Mimi Nasali Nyumbani"

Lipo jibu moja ambalo nimelisikia mara nyingi kwa wafanyakazi wenzangu hapa mjini, nami nakiri ya kuwa nimepata kulitoa mwenyewe. Ukimwuliza Mkristo kwa nini haonekani kanisani, atakuambia: "Mimi nasali nyumbani." Mungu yupo kila mahali, redio ina mahubiri, simu ina kwaya za kila namna, na Jumapili ndiyo siku pekee ya kufua na kupumzika.

Ndugu msomaji, safu hii si mimbari. Lakini ukurasa huu ni wa jamaa, na jibu hilo lina gharama zake kwa jamaa.

Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Kibondo, alikuwa hodari wa kusali nyumbani. Aliugua katika chumba chake cha kupanga, akalala humo siku nne bila mtu kubisha hodi. Kazini walidhani yuko likizo. Sisi wapangaji wenzake tulidhani amesafiri. Nashukuru kwamba alipona. Alipopata nguvu aliniambia maneno ambayo sijayasahau: kwao, hata angekosa ibada moja tu, wangemfuata.

Baadaye nilipita Kasulu na Kibondo, nikaelewa alikuwa na maana gani. Waha wa nyanda zile za juu walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila kaya katika shamba lake juu ya mgongo wa kilima, hadi Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 na operesheni za vijiji zilizofuata zilipowaweka pamoja. Mapadri Weupe, Waanglikana, Wapentekoste na Waadventista walifika huko kabla ya vijiji hivyo. Kwa mkulima wa maharage na mihogo aliyeishi peke yake kilimani, siku ya ibada, kama ilivyokuwa siku ya gulio, ilikuwa nafasi ya kujua nani amejifungua, nani amefiwa, na nani hana mbegu. Ibada ilikuwa sala, na ilikuwa pia habari za wiki nzima. Waanglikana walipopata Dayosisi ya Western Tanganyika mwaka 1966, makao yake yaliwekwa papo hapo Kasulu, mbali sana na miji mikubwa.

Hata neno lenyewe "kanisa", lililotufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiaramu, asili yake ni mkusanyiko wa watu, wala si jengo. Na aliyeandika Waraka kwa Waebrania aliwaonya, katika sura ya 10, waumini waliokwisha kuzoea kukaa mbali na mikutano yao. Kumbe "nasali nyumbani" si uvumbuzi wa watu wa mjini; ni jibu lenye umri wa karibu miaka 2,000! Waislamu wa Ujiji, majirani wa Waha hao, hawahitaji kuelezwa jambo hili: sala ya Ijumaa haisaliwi na mtu mmoja chumbani.

Aliyetaka kuona usharika usio na jengo angeweza kwenda Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Watu waliokuwa wamepoteza nyumba, mashamba na ndugu waliunda tena makanisa yao na kwaya zao. Mwaka 2015 Warundi walipomiminika huko, makanisa na shule za kambini vilikuwa miongoni mwa majengo yaliyowapa hifadhi. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, na ile ya Mtendeli mwaka 2021, sharika za humo zilikwenda na watu wao.

Hapana budi nitaje upande wa pili, maana wanaokaa nyumbani si wavivu wote. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Kenya na Uganda zilifunga nyumba za ibada. Serikali yetu haikufunga, lakini si mbali na Kibondo, Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisimamisha ibada za hadhara katika jimbo lake. Kukaa nyumbani ili usimwambukize mwenzako ni kumjali. Kukaa nyumbani kwa kuwa humjui wala hutaki kumjua ni jambo jingine kabisa.

Na wapo waliofukuzwa bila kuambiwa watoke. Mama mmoja mfanyakazi wa kiwandani alinieleza ya kuwa aliacha kwenda siku majina ya waliotoa michango yaliposomwa hadharani, pamoja na kiasi cha kila mmoja, na jina lake likafuatiwa na neno "bado". Watoto wake walikuwa wamekaa karibu naye. Simlaumu mama huyo hata kidogo. Usharika unaomwaibisha maskini umevunja wenyewe kile unachowataka watu wakitunze, na wazee wa kanisa wanaosoma ukurasa huu wangefanya vema kuyaficha madaftari yao.

Kwa Wakatoliki, tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo katika miaka ya 1970, njia nyepesi ipo: nyumba chache hukutana, kila mara kwa mmoja wao. Huko ni vigumu mtu kujificha, na ni vigumu pia kusahauliwa. Nadhani mfanyakazi anayeogopa kanisa kubwa angeanzia hapo.

Katika kijiji kimoja kati ya Kasulu na Kibondo nilihudhuria ibada iliyonichosha, maana mahubiri yalikuwa marefu na benchi halikuwa na egemeo. Ilipokwisha, watu hawakutawanyika. Mzee mmoja alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ya kawaida: "Nani hatujamwona leo?" Likatajwa jina la bibi mmoja anayeishi peke yake. Vijana wawili walichukua baiskeli wakashika njia ya kuelekea kwake, nasi tuliobaki tukakaa chini ya mwembe kuwasubiri.