Rapu Ihakikiwe Darasani

Huku Mununga, ufukweni mwa Ziwa Mweru, kijana mwenye simu na bando hana haja ya kumbembeleza mtangazaji wa redio. Nairobi ilikwishatuonyesha: mwaka 2018 kundi la Ethic kutoka mtaa wa Umoja lilitoa “Lamba Lolo” YouTube, likavuma.

Wazee wanalaani, vijana wanahesabu watazamaji. Nawapinga wote. Idadi ya watazamaji hueleza wimbo umefunguliwa mara ngapi. Haituambii wimbo unasema nini. Mwaka 2019 Ethic hao hao walitoa “Tarimbo”, ukashutumiwa kwa kushabikia ubakaji. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ikaingilia kati, kundi likaomba radhi.

Je, kazi hiyo ilikuwa ya bodi? Ilikuwa yetu, wanafunzi wa fasihi. Lakini sisi tunachambua tenzi mstari kwa mstari, rapu tunaiita kelele. Pasipo na mhakiki, huja mwenye rungu. Rungu hufuta wimbo, halimfundishi msanii wala msikilizaji. Rapu ina vina, ina mizani, ina dhamira. Basi tuihakiki, tena bila kuionea haya.