Tusimcheke Kangaruu

Wenzangu wengi humcheka kangaruu wa Australia kwa kurukaruka kwake. Mimi nasema hana la kuchekwa. Mwaka 1973 wataalamu Dawson na Taylor walieleza vipimo vyao: alipozidisha mbio za kuruka, oksijeni aliyotumia haikuzidi, kwa kuwa kano za miguu yake hunyumbuka kama mpira na kumrusha tena. Akienda polepole, mkia huwa mguu wa tano. Vipimo vya mwaka 2014 vilionyesha kuwa humsukuma mbele sawa na miguu yote minne pamoja.

Basi, ndugu wasomaji, yafaa tupime kwanza kabla ya kucheka. Hata mwenzetu aandikaye kwa mkono wa kushoto, ambaye darasani huchekwa kila siku, tumpime kwa kazi yake, si kwa mkono wake.