Kaa Hana Kesi

Kila anayefuga samaki wa baharini nyumbani ana orodha ya washukiwa. Pweza yumo, na kaa mkubwa yumo. Yumo kamba mwenye ngumi, anayejificha ndani ya jiwe la tumbawe na kupiga windo lake kwa kasi inayoweza kufika mita 23 kwa sekunde. Yumo konokono anayemchoma samaki kwa jino lenye sumu. Yumo ndugu wa kiti cha pweza, wa kijani, mwenye mikono myembamba: huinua mwili juu ya mikono hiyo mpaka chini pawe kama pango, samaki mdogo huingia kutafuta pa kulala, kisha pango linamfumba. Mwaka 2009 huko Newquay, Uingereza, wafanyakazi wa nyumba ya maonyesho ya samaki walichoka kuona samaki wao wakijeruhiwa na kupotea. Walipobomoa mawe ya tangi wakakuta mnyoo wa zaidi ya mita moja.

Orodha hiyo ni ya kweli. Ninachopinga ni hukumu inayotolewa nayo.

Mjomba wangu wa Masasi ana tangi la lita 200 sebuleni. Msimu wa korosho ulimwendea vizuri, akanunua kioo, pampu, mawe ya baharini na samaki wa rangi. Sasa samaki wanapungua mmoja mmoja bila kuacha mzoga, na usiku mlio unatoka mawe­ni, ta! ta!, kama mtu anayegonga kioo kwa kijiti. Mjomba ameshaamua kwamba mle ndani mna jambazi, na mimi niliyesoma bayolojia nimsaidie kumkamata na kumuua. Nimemjibu kwa heshima yote anayostahili mjomba kwetu: simuui.

Kamba huyo na samaki hao ni majirani wa siku nyingi. Baharini yeye huwinda na wao huishi, kwa sababu wana pa kwenda. Samaki akistuka huhama jiwe, huhama mwamba, huingia kwenye kundi au hufuata maji yakipwa. Mwindaji mwenyewe hatoki mbali na shimo lake. Kosakosa ni nyingi kuliko shabaha, na ndiyo maana wote wawili bado wapo. Ndani ya kioo, njia ndefu kuliko zote ya kukimbia ni mita moja, na usiku una saa kumi na mbili. Kamba hajabadilika hata kidogo. Kilichoondolewa ni njia ya kutokea, na aliyeiondoa ni mwenye tangi.

Sisi watu wa huku tulipaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Masasi ilikuwa na kituo cha wamisionari kilichoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar. Mwaka 1882 wavamizi wa Kingoni, Magwangwara, walikishambulia, wakaua na kuchukua mateka. Baada ya hapo kazi ya misheni ilihamia Newala, juu. Wamakonde walikuwa wameshaijua faida ya kukaa juu na ndani ya vichaka vizito. Uwanda wetu hauna mito. Maji yako chini, kwenye mabonde. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mteremko na kupanda tena na mitungi kichwani. Ilikuwa gharama kubwa, na ililipwa kila siku. Wavamizi hawakugeuka wapole. Watu waliishi kwa sababu palikuwa na mahali pa kupanda.

Sifananishi watu na samaki. Nasema kwamba mjukuu wa watu walionunua usalama wao kwa mtungi wa maji hana udhuru wa kutojua usalama ni nini.

Mjomba ana majibu yake. La kwanza: hata baharini wangeliwa. Ni kweli, baadhi yao. Lakini karibu samaki wote wa mapambo wa maji ya chumvi huvuliwa baharini. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 ilikadiria milioni 20 hadi 24 kwa mwaka duniani. Hawakuzaliwa kwenye tangi tukawahifadhi. Walikuwa na mwamba wao, tukawatoa.

La pili: watoto wa Masasi nao waione bahari. Hoja hii naiheshimu, ila bahari haiko mbali kiasi hicho. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni kama kilomita 200, na kusini ya mji huo ipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, iliyotangazwa mwaka 2000. Bei ya pampu, taa na chumvi inakodi Coaster siku ya bamvua. Maji yakipwa Msimbati, mtoto atamwona kaa akikimbia na samaki akimponyoka. Kuponyoka huko ndiko tangi haliwezi kumwonyesha.

Juzi nimesikia anataka tangi la pili, dukani kwake Newala. Hapo ndipo heshima yangu inapoishiwa maneno. Maji ya tangi hukauka, chumvi hubaki, na kila siku lazima uongeze maji baridi, la sivyo samaki wanakufa kwa ukali wa chumvi. Maji baridi, Newala, mjini ambako ndoo bado ina bei!

Kwa wenye matangi tayari, nasema hivi. Mtoeni kamba mumpe chombo chake. Atakula na kuishi bila kumdhuru yeyote. Msiwarudishe baharini viumbe waliochanganyika na wa kwingine, maana huenda na magonjwa. Samaki akifa, msinunue mwingine wa kuziba pengo. Na kabla ya kuuliza dukani ni mnyama gani aliye salama kwa samaki wenu, ulizeni kwanza samaki atakimbilia wapi. Kama jibu ni kona nyingine ya kioo kile kile, acheni pesa mfukoni.