Shukeni Ngazi Kabla Theluji Haijashuka

Ndugu zangu mnaoishi Des Moines, nanyi mlio Dayton, Louisville, Grand Rapids na kwingineko ambako maji huganda bombani, nina ombi. Kabla Oktoba haijaisha, kila aliyekwisha kuonja misimu miwili ya baridi amchukue mgeni mmoja aliyefika mwaka huu, washuke pamoja mpaka basementi, wakaitazame hita ya gesi ikiwaka. Ni kazi ya nusu saa.

Januari moja, saa nne usiku, nilipigiwa simu na mama jirani yangu. Ni mzaliwa wa Uvira, na kabla ya kuletwa Iowa alikaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. "Baba, mashine imekataa," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nilipofika niliwakuta watoto wamevaa makoti ndani ya nyumba, wamejikunja chini ya mablanketi wakitazama katuni. Imezima tangu lini, mama? Tangu jana asubuhi. Mbona hukupiga simu jana? Akainama. Aliogopa mwenye nyumba angesema wao ndio walioiharibu, awadai pesa.

Halafu nikaona kitu karibu na mlango wa nyuma. Jiko dogo la kuchomea nyama, na mfuko wa mkaa uliokwisha kufunguliwa. Walikuwa wanangoja watoto walale ndipo waliingize sebuleni.

Mimi nimekulia Tanga, ambako baridi ni sifa ya soda iliyotoka kwenye friji. Simcheki mtu kwa hilo. Kwetu sote mkaa ni rafiki wa nyumba. Lakini kwetu jiko linakaa uani, au jikoni penye dirisha lisilozibwa, na upepo unapita. Nyumba za huku zimefungwa kila upenyo ili joto lisitoke, na kisichotoka si joto peke yake. Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, unadhani ni mafua. Ukilala, pengine usiamke. Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme eneo la Seattle, na wengi wa waliodhuriwa na hewa ya mkaa uliowashwa ndani walikuwa wahamiaji. Februari 2021 yakajirudia Texas: umeme ukazimika kwenye baridi kali, watu wakaingiza majiko ndani, wengine wakawasha jenereta au magari gerejini. Kwa hiyo mkaa usiingie ndani, hata dakika tano, hata dirisha likiwa wazi. Na oveni ya gesi isifunguliwe mlango ili ipashe chumba joto.

Turudi kwa yule mama. Hita yake haikuwa mbovu hata kidogo. Juu ya ngazi za basementi palikuwa na swichi yenye kibao chekundu, pacha wa swichi ya taa. Mtoto alikwenda kuchukua baiskeli, na wakati wa kutoka akazima kila alichokiona ukutani, kama alivyofundishwa ili bili isipande. Siku mbili za baridi kwa sababu ya utiifu wa mtoto!

Niliirudisha swichi, nikamwita mama tuchuchumae pamoja mbele ya mashine, maana nilitaka asikie. Hita ya gesi ina utaratibu kama mtu anayetawadha, hairuki hatua. Themostati inaomba joto. Kwanza inavuma feni ndogo ya kutoa moshi. Swichi ya shinikizo inahakikisha kwamba hewa inapita kweli kwenye bomba. Ndipo kiwashio kinapoanza kuiva polepole mpaka kinang'aa kama kaa, valvu inafunguka, na miali ya buluu inatandazika kwa mpigo mmoja: vuu! Kijiti chembamba cha chuma kilichosimama ndani ya moto kinatoa ushahidi kwamba moto upo. Kisipotoa, gesi inakatwa mara moja. Kama nusu dakika baadaye, au zaidi kidogo, feni kubwa inaanza kusukuma joto vyumbani. Mama alichungulia kwenye kidirisha akasema, "Kumbe ina akili."

Ina akili, na ikikwama huwa inasema imekwamia wapi. Hita nyingi za siku hizi zina kitaa kidogo kinachopepesa, na maana ya mipepeso hiyo imebandikwa upande wa ndani wa mlango wake. Chukua video ya kitaa, mpelekee mwenye nyumba au fundi. Ikiwaka sekunde chache ikazima, ikajaribu tena mara mbili tatu kisha ikanyamaza, mara nyingi kile kijiti cha ushahidi kimeshika uchafu. Fundi anakisugua na kukirudisha kwa muda mfupi tu. Mimi sishauri ukiguse wewe, sawa na valvu na chochote kinachopitisha gesi.

Vinavyofaa kuguswa na wewe ni vingine. Betri za themostati, na kama imewekwa kwenye joto kweli: 68 za hapa ni 20 za kwetu. Swichi ile nyekundu. Breka kwenye boksi la umeme. Mlango wa hita wenyewe, kwa sababu nyuma yake kuna kitufe, na usipokaa sawasawa mashine haiwaki ng'o. Kama una hita yenye mabomba meupe ya plastiki yanayotokea ukutani, toka nje uone kama theluji haijayaziba. Na filta, jamani, filta! Nimeona filta iliyovaa vumbi na nywele za paka mpaka inafanana na blanketi la Krismasi. Hewa haipiti, mashine inapata joto kupita kiasi, inajizima kujiokoa. Filta ya kawaida ni bei ya chakula cha mchana, na ukubwa wake umeandikwa ubavuni. Iangalie kila mwezi wakati wa baridi.

Ukisikia harufu ya mayai viza, ndiyo gesi ya hita inayovuja, hapo acha uchunguzi wote. Usiwashe taa wala usizime, usitafute koti la pili. Toeni watu nje, na simu ipigwe mkiwa mbali na nyumba. Piga 911, useme "Swahili", utafutiwe mkalimani. Kengele ya kaboni monoksidi ikilia mara nne, ikapumzika, ikarudia, ni vivyo hivyo: tokeni. Ikitoa mlio mmoja mfupi kila baada ya muda, inadai betri tu, basi inunulieni betri, msiing'oe ukutani kwa sababu inawasumbua usingizi.

Na huu woga wa mwenye nyumba tuuvunje. Sheria ya Iowa inamtaka mwenye nyumba aweke mfumo wa joto katika hali nzuri na salama. Mwandikie ujumbe wenye tarehe na saa, uutunze. Aliyeshindwa bili apige 211 aulize kuhusu LIHEAP, mpango wa serikali kuu ulioanzishwa 1981. Hapa Iowa kaya iliyothibitishwa kustahili mpango huo haikatiwi gesi wala umeme kuanzia 1 Novemba hadi 1 Aprili. Sasa ni watu wangapi msikitini na kanisani kwetu wanaolijua hilo? Mnaosoma matangazo baada ya ibada, liwekeni kwenye orodha yenu.

Pembeni kidogo: tarehe 23 Desemba 1919, Alice Parker, mwanamke mweusi wa Morristown, New Jersey, alipewa hataza ya Marekani kwa mfumo wake wa kupasha nyumba nzima joto kwa gesi. Nilimsimulia yule mama usiku ule, tukiwa bado tumechuchumaa. Alipiga makofi. "Basi ni mashine ya dada yetu, kwa nini inaniogopesha?"

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tunaanzia mtaani kwetu, saa nne asubuhi. Familia tatu zimefika tangu Machi, mbili kutoka Burundi na moja kutoka Bukavu. Mimi nitabeba filta na betri. Yule mama amesema atapika sombe, na kwamba mwaka huu tochi atashika yeye.