Core i7 ya mwaka gani?

Wadau, leo tuzungumzie jambo linalowala hela vijana wengi wa mjini: kompyuta ya gemu ya kuunganisha mwenyewe.

Pita Kariakoo, au fungua simu yako uangalie matangazo. Utakuta limeandikwa: Core i7, ramu 8, diski 500, bei maelewano. Basi. Hakuna namba ya prosesa, hakuna mwaka, hakuna jina la mazabodi. Na sisi tunaojiita wasomi tunasoma hivyo hivyo, kisha tunapiga simu kuuliza kama bei inapungua. Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine kabisa: i7 ya mwaka gani?

Prosesa iitwayo i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Ile iitwayo i3-12100 iliingia sokoni mwaka 2022. Zote zina koa 4, lakini hiyo i3 inayodharauliwa inaiacha i7 ya zamani mbali sana. Tena hiyo ya 2011 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, wakati Windows 10 iliachwa na wenyewe Oktoba 2025. Kununua kwa jina la i7 peke yake ni sawa na kununua gari kwa kuambiwa kuwa ni Toyota. Toyota gani? Mbona kwenye magari tunauliza hadi namba ya chasisi?

Msimamo wangu ni huu: kinachomwangusha kijana mwenye bajeti ya kati, tuseme milioni moja na nusu mpaka mbili, si udogo wa pesa hiyo. Pesa hiyo inatosha kucheza gemu vizuri tu. Kinachomwangusha ni kununua vitu visivyoelewana.

Namfahamu jamaa mmoja aliyedunduliza mshahara wake wa kwanza kwanza baada ya chuo. Akaanza na kadi ya picha, maana ndiyo inayosifiwa. Kisha akanunua kompyuta ya ofisini iliyotumika, ile nyembamba. Kadi haikuingia kwenye kasha. Na hata ingeingia, pawa saplai ya mle ndani haikuwa na waya wa kuilisha, na kuibadilisha ni shughuli kwa sababu mashine nyingi za aina hiyo hutumia plagi za kwao wenyewe. Aliporudi dukani akajibiwa, "Kaka, mali ikishauzwa hairudi." Kadi ilikuwa nzima, kompyuta nzima, ila ndoa haikuwepo.

Sasa vitu gani vioane na vipi?

Kwanza, prosesa na mazabodi. Hapa neno ni soketi. Lakini msiamini soketi peke yake. Intel walitumia soketi ya 1151 kwa mazabodi za mwaka 2015, wakaitumia tena mwaka 2017 kwa prosesa za kizazi cha 8. Ukichukua i7-8700 ukaichomeka kwenye mazabodi ya Z170, inakaa vizuri kabisa, na haiwaki! Kwa hiyo uliza soketi, halafu uliza chipseti.

Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 imebeba Ryzen tangu mwaka 2017 hadi zile za mfululizo wa 5000. Ni jambo zuri, ila lina mtego wake. Mazabodi ya B450 ya mwaka 2018 inaweza kuikataa Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 mpaka bayosi yake isasishwe, na kuisasisha mara nyingi kunahitaji prosesa ya zamani iwepo. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako ukiwa na prosesa yako mkononi. Akikataa, kuna duka jingine.

Pili, ramu. DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, kwani mkato wake uko mahali tofauti. AM4 inatumia DDR4, AM5 iliyotoka mwaka 2022 inatumia DDR5 tu. Na ukitaka GB 16, chukua mbili za 8 badala ya moja ya 16, ili prosesa ipate njia mbili za kusomea. Mazabodi ikiwa na nafasi 4, kwa kawaida zinawekwa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Tatu, herufi za mwisho. Intel yenye F mwishoni haina uwezo wa kutoa picha bila kadi. Ryzen 5 5600 nayo haina, ila 5600G inao. Ukinunua prosesa leo ukitegemea kadi ya mwezi ujao, mwezi mzima utatazama skrini nyeusi.

Nne, njia za kadi. RX 6500 XT ya mwaka 2022 inauzwa kwa bei ya kushawishi, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe. Ukiiweka kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, inapoteza kasi waziwazi kwenye baadhi ya gemu. Ndiyo kusema kadi hiyo inamuumiza zaidi yule yule mwenye mashine ya zamani anayeikimbilia kwa unafuu wake.

Tano, na hapa ndipo ninapotaka kugombana na watu: umeme. Pawa saplai ndiyo kitu cha mwisho kwenye orodha za wengi. Mtu amebakiwa na elfu arobaini, ananunua yoyote iliyoandikwa wati 600 na yenye taa za rangi. Jamani! Kila kitu ulichonunua kinakula kupitia hapo. Na sisi tunajua umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa kishindo.

Tufanye hesabu. Ryzen 5 5600 imepangiwa wati 65. RX 6600 inakula wati 132. Mazabodi, ramu, diski na feni tuzipe 50. Jumla haifiki 250. Maana yake pawa saplai ya kweli ya wati 550 inatosha na kubaki, na ni bora kuliko ya wati 700 ya kwenye karatasi tu. Tazama jina la mtengenezaji na uzito wake, na usome kibandiko uone laini ya volti 12 inatoa wati ngapi. Alama ya 80 Plus inapima upotevu wa umeme, haipimi ulinzi. Kama ni ya zamani na ina swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230, hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 kama ya Marekani, utasikia mlio na harufu, na hapo habari imekwisha.

Kwa hiyo mimi ningejenga hivi: Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550, ramu mbili za GB 8, RX 6600, diski ya NVMe, na pawa saplai ya wati 550 ya kampuni inayojulikana. Zimetoka kwa miaka tofauti lakini zinaelewana.

Najua wapo watakaosema AM4 ni soketi ya jana, na kwamba AMD wameahidi kuihudumia AM5 hadi mwaka 2027 au zaidi. Hoja yao ina uzito, na mwenye pesa awasikilize. Lakini AM5 inakulazimisha kununua mazabodi ya bei na DDR5, na sote tuliona bei za ramu zilivyopaa mwishoni mwa 2025 viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili bandia. Mwenye bajeti ya kati anayeweza kupata DDR4 iliyotumika kwa mtu anayemwamini, nani anamlaumu?

Wauzaji nao nina neno nao. Kuandika namba kamili ya prosesa na mazabodi kwenye tangazo hakugharimu hata senti moja. Asiyeandika, ama hajui anachouza ama hataki wewe ujue. Na sisi wanunuzi tuache aibu ya kuuliza. Aibu ya dakika mbili dukani ni nafuu kuliko hasara ya mishahara mitatu.

Naomba kutoa hoja.