Kazi Humleta, Ujirani Humweka

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii leo yaihusu Kanada, nchi pana ambayo wahamiaji wake hupenda kukaa miji mikubwa. Mwaka 2019 serikali ilichagua miji 11 ya mashambani na ya kaskazini, iliyopungukiwa na wafanyakazi, ili wageni waelekezwe huko.

Ni vyema. Lakini nauliza: wakishafika, watakaa?

Jawabu naliona Inuvik, mji wa watu elfu tatu na ushei, kaskazini mno, ambako wakati wa baridi jua hupotea kwa wiki kadhaa. Waislamu wachache waliofuata kazi huko walikuwa wakiswali ndani ya trela dogo. Mwaka 2010 msikiti ulijengwa Winnipeg, ukasafirishwa kwa lori na tishari, kilomita zipatazo 4,000, hadi kwao.

Mshahara humleta mtu, haumfungi. Humfunga mahali pa kusujudu, chuo cha wanawe, na jirani wa kuitikia salamu. Serikali itakayo wakazi, isihesabu nafasi za kazi pekee. Mtu hafanyi kwao mahali asipokuwa na wa kumswalia akifa.